Kiwele cha Tausi

Mwezi uliopita niliitwa Tabora kwenye harusi, na kabla sijaketi vizuri uwani kwa Bi Zuhura nikaletewa bilauri ya maziwa ya moto yenye iliki. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka begani. Wageni wenzangu, akina mama wenye heshima zao, walinitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani, na mmoja akaniuliza kwa upole kama maziwa yameniunguza. Nikamwambia hapana, yamenikumbusha. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jiko, mzee sasa, macho yameingia ukungu lakini ulimi haujapata kutu hata kidogo. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwacheni huyo acheke. Mimi na yeye tuna kesi ya zamani na hayo maziwa."

Vijana ninaowafundisha kazi ya maabara huniuliza ilikuwaje nikaishia kutafuta bakteria kwenye maziwa ya ng'ombe, maana si kazi ambayo mtoto huiota. Mimi huwajibu habari za chuo na za wito, maneno mazuri ya kuandikwa ukutani. Ukweli ni kwamba kazi hii nilipewa na uwa huu wa mtaa wa Kanyenye, katika mwaka mmoja tu, mwaka ambao simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuonyeshana na mwenye nayo alizungumza kwa sauti ili wasio nayo wasikie. Mambo ya kuzaliwa kwangu Nzega, ya baba na mama na shule, nitayaruka. Nianze na chumba.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika ukumbi mrefu wa nyumba ya Bi Zuhura, dirisha lake likitazama uwani. Kuta zilikuwa za udongo, nene, zimepakwa chokaa, na hata jua la Oktoba lilipowafukuza watu barabarani, mle ndani ungeweza kujifunika shuka. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo na kupata mkataba wa mwaka mmoja katika maabara ndogo ya mifugo pembezoni mwa mji. Bi Zuhura alikuwa mjane, fundi wa kofia za mkono, na jirani zake waliapa kuwa kofia aliyoitoboa yeye humzika anayeivaa. Siku niliyofika na sanduku langu hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza ninakula nini na sili nini. Usiku ule nilikula wali kwa mchicha wa karanga, kisha bakuli la maziwa mgando yaliyomwagiwa asali ya porini, nyeusi, yenye harufu ya moshi wa warina asali. Asubuhi yake nikapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na chai ya maziwa nzito. Nikajisemea moyoni kwamba mkataba wa mwaka mmoja ni mfupi mno.

Maziwa yote yale yalitoka kwa Tausi, ng'ombe chotara mweusi mwenye mabaka meupe, aliyekaa kwenye banda lililokuwa hatua chache kutoka dirishani kwangu. Bi Zuhura alimkamua baada ya sala ya alfajiri, na alipokuwa akimkamua alizungumza naye. Alimpa habari zote za mtaa: nani kaposwa, nani kaachwa, muuza mkaa gani ameanza kujaza magunia kwa majani. Nililala kule kitandani macho wazi, nikipata elimu. Tausi hakuwa na mpinzani. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wakinywa maziwa yake, na mgahawa mmoja karibu na soko ulikuwa ukichukua mgando wake kila siku. Asha, binti pekee wa Bi Zuhura, alisomeshwa na ng'ombe huyo mpaka akawa mwalimu, na mama yake hakuchoka kumkumbusha. Wakikosana, Bi Zuhura humwambia, "Usinijibu hivyo, Tausi anakusikia."

Ilikuwa mwezi wa tatu au wa nne wa kukaa kwangu pale nilipoanza kusikia maneno mengine dirishani. Mgando haukushika tena. Ulikaa majimaji, ukawa na harufu isiyoeleweka, na mgahawa ukaacha kuuchukua. Maziwa yenyewe yalipungua. Asha alikuwa amechumbiwa, harusi inakaribia, na shemeji yake Bi Zuhura, Bwana Salum, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akija kila jioni kupanga mambo. Alikuwa mtu mwema, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, ila alikuwa na ugonjwa wa kutaka kila jambo liishe leo. Dawa za kiwele alikuwa ameshanunua dukani mara mbili, kila mara aina aliyoshauriwa na mtu aliyekutana naye njiani, na hazikufua dafu.

Jioni moja nikamsikia akisema, "Shemeji, tusizunguke. Huyu hatoi maziwa, anakula pumba tu. Watu wa harusi watataka pilau. Tumchinje, kwisha."

"Umchinje nani?" akauliza Bi Zuhura. "Tausi amemsomesha Asha."

"Basi na sasa atamwoza."

Kisha Bi Zuhura akasema kuelekea dirishani kwangu, bila kugeuza sauti, "We Kalunde, najua unasikia. Hiyo ofisi yako huko inafanya kazi gani?"

Nikatoka na kanga yangu ya kulalia. Siku iliyofuata nikaleta kibao cha kupimia, kipande cha plastiki chenye vikombe vinne vya kina kifupi, kimoja kwa kila chuchu. Bi Zuhura akakamua kidogo katika kila kikombe, mimi nikatia dawa ya kupimia, ambayo ni ndugu wa sabuni ya kuoshea vyombo, nikazungusha taratibu. Vikombe vitatu vikateleza kama maji. Cha nne, cha chuchu ya nyuma ya kushoto, kikavutika kama mlenda. Asha alipiga yowe. Bwana Salum, aliyekuwa amesimama mbali ili suruali yake isiguse samadi, akasogea, akatazama, akasema hata angekuwa na njaa ya siku mbili asingekula mlenda ule.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili katika jengo la zamani lenye bati lililolia kila jua lilipochomoza. Nyuma yake tulifuga kondoo mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutuchangia damu kidogo, tukaichanganya na ute wa mwani uliochemshwa, tukaimimina kwenye sahani za kioo ikagandia humo, nyekundu. Ukipaka maziwa juu ya sahani hiyo na kuilaza kwenye kabati la joto, kesho yake bakteria waliokuwamo wanakuwa wameota na kujionyesha. Umeme ulipokatika, mkuu wangu, Mzee Mfaume, alilivika kabati lile blanketi lake mwenyewe na kulifungia kwa kamba ya kitanda. Alikuwa mzaliwa wa Tabora, Mwislamu wa mjini, mpole, mwenye mzaha wa chini chini ambao ungekupita kama hukuwa makini. Alinifundisha kunusa kila chupa kabla ya kupaka, maana pua, alisema, haikatiki umeme.

Nilipomweleza habari za Tausi aliniketisha. "Mwanangu," akasema, "mlenda ule unakuambia kuna vita kwenye kiwele. Haukuambii adui ni nani. Wapo wa jamii mbili wanaotusumbua hapa. Jamii moja ukiipiga dawa inayostahili, inakwisha, ng'ombe anarudi kuwa ng'ombe. Ile nyingine hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, utapiga dawa mpaka uchoke, na itawaambukiza ng'ombe wa jirani. Akiwa na hiyo, nitamwambia mwenye ng'ombe amchinje, na nitakwenda kula pilau. Sasa niletee maziwa yake tumwone huyo mgeni."

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Nilimfundisha Bi Zuhura namna ya kuchukua maziwa ya kupima, maana ilinibidi kutoka mapema kuzungukia nyumba nyingine zenye ng'ombe. Nilimwambia anawe mikono, aifute chuchu kwa pamba yenye dawa, amwage matone ya kwanza, kisha akamulie kwenye chupa ndogo iliyochemshwa na kufungwa. Alisikiliza kwa makini, akarudia kila neno, akaniambia nisimfundishe usafi mtu anayetawadha mara tano kwa siku. Niliporudi kutoka mizunguko yangu nilikuta chupa imewekwa kizingitini, imefunikwa kitambaa cheupe cha kofia, jina lake juu yake, bado ina joto. Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele sasa hivi yana joto, kila mtu anajua. Nikaipeleka mbio.

Kesho yake sahani za nyumba nyingine zilikuwa zimeota, nyingine madoa mawili matatu ya kawaida, nyingine balaa. Ya Tausi ilikuwa tupu. Tukarudia, tupu. Nilipima tena kwa kibao uwani, mlenda uko pale pale. Tukarudia mara ya tatu na sahani ikatoka nyekundu, safi, inameta. Mzee Mfaume akaiinua dirishani akaitazama muda mrefu. "Hata maziwa ya ng'ombe mzima huacha doa," akasema. "Huyu wenu nadhani naye anatawadha."

Mimi sikucheka. Nyumbani chakula kilikuwa kimeanza kunishinda, na mimi chakula hakinishindi hivi hivi. Bwana Salum alikuwa ameshazungumza na mchinjaji. Hakuwa na ubaya. Alisema ofisi imepima mara tatu haikuona kitu, dawa hazikufanya kazi, basi ugonjwa wenyewe ni wa jicho la watu, na jicho la watu halina sindano. Asha alikuwa akishona gauni lake chumbani huku akifuta machozi kwa kisingizio cha mafua. Alfajiri nilimsikia Bi Zuhura bandani, hatoi habari za mtaa tena. Alikuwa akimwambia Tausi, "Vumilia, mama. Vumilia kidogo." Nilijifunika shuka mpaka kichwani na kulia kama mtoto, kwa ajili ya ng'ombe, mimi niliyesoma na kujua kwamba ng'ombe ni mtaji.

Nilimwomba Bwana Salum atuachie mara moja ya mwisho. Akakubali, ila akasema baada ya hapo ni pilau. Nikamwambia Bi Zuhura, "Mama, haya ndiyo maziwa ya kuamua. Yaandae vizuri kabisa." Hayo ndiyo maneno yangu, na mpaka leo Asha hunirudishia.

Asubuhi chupa ilikuwa kizingitini, kitambaa kimepigwa pasi. Niliipeleka mikono yote miwili. Mzee Mfaume alikuwa ameshajiandaa, sahani zimepangwa, taa ya spiriti inawaka. Alifungua chupa, akaipeleka puani kama kawaida yake. Akasimama. Akanusa tena. Akanitazama, akaitazama chupa, akaninyooshea.

"Kalunde," akasema, "hebu nusa huyu bakteria."

Ilikuwa iliki. Iliki mpya, iliyotwangwa asubuhi ile, na nilipochungulia nikaona pia kwamba maziwa yametiwa sukari, maana chini kabisa chembe zake zilikuwa hazijayeyuka. Mzee Mfaume aliketi kwenye kiti, akavua miwani, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kuzima taa kwa usalama. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Kama leo yamechemshwa, basi na jana, na juzi, na siku zote. Sahani hazikukosea. Tausi hakuwa na jicho la mtu. Tulikuwa tukipaka bakteria waliokwisha kufa jikoni.

Nilikimbia mpaka Kanyenye. Bi Zuhura alikuwa ukumbini na kofia yake na sindano.

"Shikamoo mama. Mama, uliyachemsha?"

"Marahaba. Niliyachemsha nini?"

"Maziwa. Ya chupa."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Sasa ulitaka nimpelekee mtu wa watu maziwa mabichi? Na jina langu liko juu ya chupa! Kalunde, tangu misafara inapita hapa kwenda Ujiji, hajatoka mtu kwenye nyumba hii amepewa maziwa mabichi. Hata mgeni asiyejulikana anakotoka. Sembuse Mzee Mfaume ninayemfahamu mpaka mama yake." Kisha akapunguza sauti, "Iliki ilizidi?"

Nilimkumbatia na sindano yake. Nilipomweleza, alijifunika uso kwa ushungi. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka Asha akatoka chumbani na gauni la harusi lenye mkono mmoja kuuliza kuna nini. Nimefikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Nilimweleza la kunawa, la kufuta, la kumwaga matone ya kwanza, na yote aliyafanya kikamilifu. La kutochemsha halikunijia, kwa kuwa chuoni hakuna aliyewahi kutuambia kwamba maziwa yana adabu. Kila mahali nilikofanya kazi baadaye nimekuwa mtu wa kuuliza: baada ya mimi kuondoka, mnayafanya nini haya maziwa? Wenzangu wananiona mbea.

Maziwa mabichi yalichukuliwa jioni ile. Bi Zuhura aliyakamua akitazama pembeni, na akaniomba niyabebe kwenye kikapu chini ya mboga majirani wasione. Kesho yake alikuja maabara mwenyewe, amevaa baibui la kuendea misiba na harusi. Mzee Mfaume alimpisha kiti chake. Kwanza alimwambia, "Dada, kwa watoto wa mtaa uliowanywesha, umefanya jambo kubwa. Endelea kuchemsha. Sisi tu ndio umetuua." Kisha akafungua kabati.

Sahani ilikuwa imejaa. Vidoa vidogo, vya kung'aa, kila kimoja na duara jembamba la uwazi kukizunguka. Bi Zuhura akaguna, "Astaghafirullah, wote hao?" Lakini bado hatukujua ni jamii ipi. Mzee Mfaume akanipa mimi kazi ya mwisho. Nilitakiwa kuchukua kidoa kimoja kwa kijiti, juu juu, bila kugusa ile damu ya chini, nikipake kwenye kioo na kukidondoshea dawa ya kusafishia vidonda, ile inayochemka povu ikigusa damu. Kikitoa povu, ni ile jamii ya kujichimbia, na Tausi ni pilau. Kisipotoa, ni jamii ya kutibika. Nilidondosha tone. Vichwa vitatu viliinama juu ya kioo kile, na nasikia mpaka leo Bi Zuhura akisoma kitu kwa midomo tu.

Tone lilikaa pale. Maji matupu. Hapakuwa na povu hata la kuhesabia.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza Bi Zuhura.

"Ndiyo dada," akasema Mzee Mfaume. "Hakuna kitu."

Alipiga kigelegele. Ndani ya maabara ya serikali, saa za kazi, na baibui lake, alipiga kigelegele mpaka kondoo wetu akajibu huko nyuma. Mimi nilikidaka, na tukatoka mpaka barazani tukiendelea, na Mzee Mfaume akabaki mlangoni akisema jamani, jamani, bila kutuzuia.

Dawa iliyostahili iliingizwa kwenye chuchu ile siku kadhaa, maziwa yake yakamwagwa, na Bwana Salum alikuja kila jioni kuyatazama yakimwagwa na kusikitika. Siku niliyopima tena, vikombe vyote vinne viliteleza kama maji, na yeye ndiye aliyeomba kukizungusha kibao mara ya pili, suruali katikati ya samadi. Harusi ya Asha ililiwa kwa mbuzi. Tausi alifungiwa kitambaa chekundu kwenye pembe, wageni wakaletewa mgando ulioshika mpaka kijiko kinasimama, na Mzee Mfaume alipewa jagi zima la maziwa ya iliki peke yake. Alinusa kwanza.

Ndiyo maana nilicheka mwezi uliopita. Bibi harusi wa safari hii alikuwa binti wa Asha, na bilauri aliniletea Asha mwenyewe, macho yake yakisema anajua anachofanya. Baada ya chakula, ngoma za akina mama zilipopamba moto, Bi Zuhura alinishika mkono nimwongoze bandani. Kulikuwa na ng'ombe mweusi mwenye mabaka, kitukuu au kilembwe, wote wanaitwa Tausi kwa kuwa mwenyewe haoni haja ya kuhangaika na majina. Alimpapasa kiwele kwa vidole vyake vya fundi, polepole, akasimama kwenye chuchu ya nyuma.

"Hii tangu Ijumaa ina joto," akasema. "Macho yangu hayaoni mlenda, lakini vidole vinaona. Usiniambie tungoje kesho."

Akatazama nyuma kwanza, kuelekea kwenye vigelegele. Kisha akatoa chini ya kanga yake chupa ndogo, imefungwa vizuri, imefunikwa kitambaa cha kofia.

"Nimenawa," akasema. "Nimefuta. Ya kwanza nimemwaga."

"Ahsante, mama."

Akanivuta sikio mpaka mdomoni kwake, maana uwa ulikuwa umejaa wageni na heshima ya nyumba ilikuwa hatarini.

"Mabichi," akaninong'oneza.

Nikaipokea kwa mikono miwili, ina joto, nikaificha ndani kabisa ya mkoba wangu wa harusi ili wageni wasione.